Koplo Kiptanui Afunga Barabara ya Sotik

Kiptanui alistaafu jeshini akiwa koplo, na kijijini kwetu hakuna aliyethubutu kumwita bila cheo hicho. Hata mchungaji, alipotangaza kanisani kwamba ametoa ndama kwa harambee ya mabati, alisema Koplo Kiptanui. Mkewe Rodah peke yake ndiye aliyemwita Baba Nicholas, na siku akiwa amekasirika alisema tu "wewe".

Alikuwa ameingia jeshini mara baada ya uhuru, na kwa kuwa alikuwa ameendesha trekta katika shamba la mzungu, wakampa lori. Utumishi wake wote aliumalizia nyuma ya usukani. Vita alivyoviona kwa macho vilikuwa vya kaskazini, na hata hivyo aliviona kwa mbali. Kikosi kilikuwa mbele jangwani kikingoja saplai, naye akakwama na lori lake kwenye mchanga wa mto mkavu. Walipolichimbua na kufika, walikuta wenzao wanachemsha mizizi. Wakakimbilia lori wakishangilia, wakafungua turubai. Lilikuwa limejaa makoti ya mvua. Mtu fulani mahali fulani alikuwa amekosea lori.

Koplo alisimulia kisa hicho kwenye mazishi, kwenye harusi, na kwenye kituo cha majani tukingoja kupimiwa chai. Kila mara alimaliza kwa kuinua kidole.

"Vita si bunduki," alisema. "Vita ni barabara."

Akisisimka, b zake ziligeuka p na v zikawa f, hivyo tulichosikia ni kwamba fita ni parapara. Tulicheka, lakini tuliamini. Hakuna mwingine kati yetu aliyekuwa amefika vitani hata na makoti.

Shamba lake lilikuwa chini ya Tulwap Soet, kilima chenye kichwa cha mawe kinachotazama barabara ya kwenda Sotik upande mmoja, na upande wa pili kijito kinachotutenga sisi Wakipsigis na Wakisii. Sisi tuna chai na ng'ombe. Wao wana chai, wimbi, na ndizi ambazo kwetu juu hazikubali kwa sababu ya baridi. Rodah, aliyezaliwa Sosiot na kuolewa huku akiwa hajui mtu, alipata rafiki wa kwanza pale kijitoni, mwanamke wa ng'ambo aliyeitwa Wilkista. Palikuwa na mawe bapa ya kuvukia. Rodah alishuka na maziwa, Wilkista akashuka na unga wa wimbi au kichane cha ndizi, wakabadilishana, wakaongea mpaka jua likawa kali. Mume wa Wilkista, Zacheus, alikuwa fundi wa mawe. Zizi la Koplo lilijengwa na yeye, naye kwa kufanya kazi kwetu miaka mingi alikuwa amejifunza Kikipsigis cha kutosha kubishana.

Vita vilikuja mwaka wa tisini na mbili, mvua ya masika ikiwa imeshika. Ulikuwa mwaka wa siasa, na kila gari lililotoka Sotik lilishusha habari mbaya kuliko ile iliyotangulia. Ng'ombe wakapotea upande wetu. Ghala likaungua upande wao. Kisha nyumba mbili kwetu, kisha mbili kwao. Nani alianza? Ukiuliza upande wetu utajibiwa papo hapo, bila mtu kufikiri. Ukivuka kijito utajibiwa papo hapo vilevile.

Wanaume walikutana kwenye kituo cha majani. Wengine walitaka kushuka siku hiyohiyo na pinde zao. Koplo akasimama, amevaa buti zake za jeshi.

"Mkishuka leo," alisema, "kesho mtakula nini?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria swali hilo. Kwa sababu aliliuliza yeye, na kwa sababu ya zile buti, wakamfanya kamanda.

Sitaki kumfanya mjinga. Alifanya mambo ya maana. Alikataza mtu yeyote kuvuka bila amri, na ninaamini amri hiyo iliokoa watu wa pande zote mbili. Alipeleka wanaume juu ya Tulwap Soet, akajenga kambi ya maturubai na matawi, akapanga zamu za ulinzi. Akawaeleza kwamba aliye juu ya kilima anaona kila kitu, na aliye chini anaona miguu ya aliye juu. Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha akatazama upande wa pili, akaiona barabara ya Sotik imelala chini yake kama mshipi, na hapo ndipo elimu yake yote ilipomrudia.

"Adui anapata wapi chumvi?" aliuliza.

"Sotik," wakajibu. Sisi sote tulikwenda soko la Sotik, wa huku na wa kule.

"Mafuta ya taa?"

"Sotik."

"Basi tunafunga."

Wakachimba handaki kukata barabara, wakaangusha mikaratusi mbele yake. Mbele zaidi wakaweka kizuizi cha pili na walinzi. Koplo akawapa amri kwamba asipite mtu yeyote, awe nani, hata yeye mwenyewe. Alikuwa amesikia kamanda mmoja akitoa amri kama hiyo zamani, na ilimpendeza.

Wa kwanza kufika kwenye handaki alikuwa Mbuthia, mwenye duka la pekee pale senta. Alitoka Nyeri zamani, akanunua ploti, akafungua duka, na miezi ile alikuwa amemtuma mkewe Wahu Nakuru pamoja na watoto, kwa sababu alijua kwamba watu wa vilima viwili wakimaliza kugombana hutafuta wa tatu. Yeye mwenyewe alibaki na pikapu yake na masanduku yaliyofungwa tayari chini ya kaunta.

"Koplo," alisema, akitazama handaki kupitia dirisha, "naenda kuleta unga na dizeli ya mashine ya kusaga. Hiyo unga, ni nani atakula?"

"Watu wa hapa."

"Sasa nikikosa kwenda, adui amelala njaa namna gani?"

Koplo akafikiri. "Ukipita wewe, na wao watapita."

"Wao hawajapita hapa tangu nyumba zichomwe. Wananunua vitu Keroka, huko nyuma yao."

"Hiyo ni habari ya adui."

"Hiyo ni habari ya mtu wa duka," Mbuthia alisema. Akageuza pikapu akarudi senta, akafunga mlango, akakaa ndani akingoja kuona vita vitamhitaji lini.

Havikukawia. Kwanza lori la majani halikuja. Ilikuwa wakati chai inapochipua mpaka unaisikia, na wanawake waliochuna asubuhi walirundika majani kwenye kituo, wakangoja, jioni yakawa yamepata joto na kubadilika rangi, wakayamwaga. Kesho yake hawakuchuna tena. Gari la maziwa nalo halikuja. Kisha dizeli ya mashine ya kusaga ikaisha, na mahindi yaliyobaki ghalani yakawa punje tu za kuchemsha. Chumvi ikaisha. Watu wa ng'ambo, kwa taarifa tulizopata baadaye, waliendelea kwenda Keroka kama kawaida, wakishangaa mbona upande wetu kumetulia hivyo.

Kule kambini wanaume waliongezeka. Hilo Koplo hakulitegemea. Kwenye zamu ya ulinzi walionekana wachache, lakini sufuria zikipandishwa kilima walitokea kutoka kila kichaka, na wengine walikuwa wa vijiji ambavyo havikuwa na vita. Jeshi la Tulwap Soet lilikuwa kubwa sana saa ya chakula. Na chakula kilipikwa na wanawake, Rodah akiwa mbele yao, kwa sababu mume wake ndiye aliyewaita wageni.

Siku nne mfululizo aliwapa mahindi ya kuchemsha na maziwa. Siku ya tano mwanamume mmoja akauliza kama hii ni kambi ya vita au ya ndama. Koplo alikasirika, si kwa yule mwanamume.

"Mama Nicholas," alimwambia mkewe mbele ya watu, "jeshi linakula ugali."

"Jeshi lilete unga," Rodah alijibu, akashuka kilima.

Asubuhi iliyofuata alibeba kopo la maziwa akashuka mpaka kwenye mawe ya kuvukia. Aliniambia kwamba hakujua anakwenda kufanya nini. Maziwa yalikuwa yanaharibika, na miguu yake ilizoea njia ile. Alisimama mpaka akaona nyasi za ng'ambo zikicheza na Wilkista akatokea. Hakuwa na kitu mkononi. Naye, alisema, alikuwa akishuka kila asubuhi kutazama tu.

"Mama Nicholas, bado uko?"

"Niko. Na wewe?"

"Tuko tu. Watoto wamekunywa chai ya rangi mpaka wanaogopa kikombe. Ng'ombe tulipeleka mbali, kwa shemeji."

"Sisi tuna maziwa ya kuoshea sufuria. Unga ndio hatuna. Mashine imelala, dizeli haiji."

"Haiji kwa nini? Sisi tunaona miti imelala barabarani, tukasema ni serikali imefunga."

Rodah akatazama maji. "Si serikali. Ni bwana yangu."

Wilkista alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi zenye umande, na Rodah, ambaye hakuwa amecheka tangu vita vianze, akacheka pia huku akijiziba mdomo kwa leso.

"Unga nitakupa," Wilkista alisema. "Lakini unajua na mimi najua. Utaenda kwa wale wa juu."

"Na haya maziwa watakunywa watoto wako peke yao?"

"Hapana. Mashemeji zangu wako na mishale, na wanapenda chai."

"Basi."

"Basi."

Hivyo ndivyo jeshi la Tulwap Soet lilivyopata ugali. Ulikuwa ugali wa wimbi, mweusi, mzito, ule Koplo aliokuwa amekula nyumbani kwake miaka yote ya ndoa na kuusifu. Akaula kambini akausifu tena. Hakuuliza umetoka wapi. Wanaume wakanenepa, nidhamu ikarudi, na Koplo akaeleza kwamba mipango mizuri huonekana sufuriani.

Tatizo lilikuja na ndizi. Wilkista, kwa ukarimu tu, siku moja aliongeza mkungu mzima, na Rodah, kwa uchovu tu, akaupeleka kambini. Ulipowekwa chini watu wote wakageuka kuutazama. Mtoto mdogo wa kwetu anajua ndizi hazioti Tulwap Soet.

"Zimetoka wapi hizi?" Koplo aliuliza.

"Zimetoka chini," Rodah alisema.

"Chini wapi?"

"Chini."

Wakati huohuo Kipkemoi alikuwa akiingia kambini kutoka zamu ya kijitoni, matope mpaka magotini. Kipkemoi alikuwa fundi cherehani wa senta, mtu mzima mwenye watoto watatu, aliyekuja vitani kwa sababu wateja wake wote walikuwa huko. Mtu mmoja akasema, "Kipkemoi ndiye ametoka chini sasa hivi."

Koplo akamwendea, akampa mkono, akautikisa kwa nguvu. "Nyara," alisema kwa sauti ya kwenda mbali. "Hii ndiyo inaitwa nyara."

Kipkemoi akafungua mdomo. Akaona wanaume thelathini wakimtazama kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kumtazama akiwa kwenye cherehani. Akaufunga mdomo. Tangu siku hiyo alipewa ndizi mbili zaidi ya wengine, na kila akirudi kutoka zamu alitakiwa kuwa na habari.

Mtu anayetakiwa kuwa na habari huzipata. Kipkemoi hakuwa mwongo, alisema alichokiona: pale kwenye mawe ya kuvukia nyasi zimekanyagwa, njia imekuwa nyeupe, na kuna unga umemwagika. Kuna watu wanapita pale kila asubuhi wakiwa wamebeba mizigo.

Koplo alisimama. Waliokuwepo wanasema machozi yalimlengalenga. Maisha yake yote alikuwa amesubiri mtu amwambie maneno yale.

"Hiyo ni saplai ya adui," alisema. "Hiyo ndiyo parapara yenyewe. Kesho alfajiri tunaifizia."

Akapanga watu. Wapiga mishale kumi na wawili, sita kila upande wa njia, na asirushe mtu mpaka mbebaji wa mwisho awe ameingia. Rodah alikuwa pale, mwiko mkononi, akipakua.

"Baba Nicholas," aliita, "njoo unishikie sufuria."

Koplo hakuwa amewahi kushika sufuria tangu waoane. Akamfuata nyuma ya turubai.

"Ile njia si ya adui," Rodah alisema.

"Ni ya nani?"

"Ni yangu."

Mvua ilikuwa inagonga turubai.

"Tangu lini?"

"Tangu ufunge barabara."

"Na ule ugali..."

"Umeula."

"Na ndizi?"

"Uliniuliza zimetoka wapi, nikakwambia chini."

Koplo alikaa juu ya gunia. Rodah anasema ndiyo mara ya kwanza alipomwona mzee, ingawa hakuwa na mvi bado. Alitazama mikono yake, kisha akamtazama mkewe, na kilichomtoka hakikuwa hasira.

"Kumi na wawili," alisema polepole. "Nilikuwa nimewaweka kumi na wawili."

"Nilisikia."

"Kesho usishuke."

"Watu wako watakula nini?"

Swali hilo lilikuwa lake mwenyewe. Angeweza kurudi kwa wale wanaume akasema ukweli. Hata leo sijui wangemfanya nini, au wangemfanya nini Rodah. Alirudi akasema amepokea habari mpya: adui amebadilisha njia. Mtego utawekwa kule juu, kwenye maporomoko, mahali ambapo hakuna mtu anayepita kamwe. Watu hawakuuliza. Kipkemoi peke yake alishangaa habari hiyo imeletwa na nani, maana mleta habari alikuwa yeye.

Alfajiri ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mtu haoni mkono wake. Wanaume kumi na wawili walilala kwenye mawe yenye maji karibu na maporomoko, na Koplo nyuma yao, akiwa na furaha ya siri kwamba asubuhi hiyo hakuna kitakachotokea. Chini kabisa mkewe alikuwa akipokea unga.

Lakini kule ng'ambo nako Wilkista alikuwa amemwambia mumewe asikaribie mawe ya kuvukia, kwa sababu ni mambo ya wanawake. Na usiku ule ndama wa Zacheus, yule mmoja aliyebaki, alikuwa amekata kamba. Zacheus, mtu mtiifu, aliamua kumtafuta upande wa juu, kwenye maporomoko, mahali ambapo hakuna mtu anayepita kamwe, ili asikutane na matata.

Kipkemoi aliona kivuli kwenye ukungu. Alikuwa na baridi, alikuwa hajalala, na alikuwa shujaa. Akaachia mshale. Ulikuwa mshale wa kwanza maishani mwake kumrushia mtu, na ulimpata mtu huyo pajani.

"Amu nee?" sauti ikalia kutoka kwenye ukungu. "Amu nee?"

Ni Kikipsigis. Maana yake, kwa nini? Wote kumi na wawili waliijua sauti ile, kwa sababu nusu yao alikuwa amewajengea kitu. Kipkemoi akatupa upinde akakimbia, akateleza kwenye mawe, akavunjika mtulinga. Hivyo vita vyetu vikapata majeruhi wawili kwa pigo moja.

Koplo ndiye aliyefika kwanza kwa Zacheus. Alivua shati lake akamfunga paja. Mshale haukuwa na sumu, na hilo lilikuwa tunda pekee la barabara kufungwa, kwa sababu mzee aliyeuza sumu alikuwa amekuja na mzigo wake akarudishwa kwenye kizuizi. Lakini damu ilikuwa nyingi, nayo hospitali ya misheni ilikuwa upande wa Sotik.

Wakambeba Zacheus mpaka barabarani. Habari ilimfikia Wilkista kwenye mawe, akiwa bado na kopo la maziwa, naye hakurudi kwao kuchukua kitu wala kumwambia mtu. Alivuka. Alipanda kilima chetu pamoja na Rodah, akashukia barabarani, akapita katikati ya wanaume wenye pinde, wakampisha. Nilikuwa mmojawapo. Sikujua niweke wapi mikono yangu. Alipiga magoti kwa mumewe, akamgusa uso, kisha akainuka akamtazama Koplo, ambaye alikuwa kifua wazi kwenye mvua.

"Ni wewe ulifunga barabara?"

"Ni mimi, mama."

"Fungua."

Kuchimba handaki kulikuwa kumechukua siku mbili. Kulijaza kulichukua nusu ya asubuhi, kwa mikono, kwa mawe, kwa magogo ya ile mikaratusi, na sijawahi kuona jeshi lile likifanya kazi vile. Mbuthia alitoa funguo za pikapu bila kuulizwa, lakini hakupanda.

"Chukua," alimwambia Koplo. "Mimi nikionekana na mtu wa mshale, kila upande utasema nilimchoma mimi."

Basi Koplo akaingia nyuma ya usukani. Nyuma kabisa, juu ya magunia matupu, walilala Zacheus na Kipkemoi ubavu kwa ubavu, maana hapakuwa na nafasi nyingine, na Rodah na Wilkista wakiwashikilia gari lisiwarushe.

"Ni wewe?" Zacheus aliuliza baada ya muda.

"Ni mimi," Kipkemoi alisema, akilia, labda kwa ajili ya bega.

"Wewe shona nguo, bwana. Hii nyingine huiwezi."

"Lakini nilikupata," Kipkemoi alisema, kisha akaona aibu ikamzidi maumivu.

Kwenye kizuizi cha pili walinzi walisimama na mikuki. Walikuwa wakulima watatu ambao hakuna aliyekumbuka kuwaletea chakula tangu jana.

"Ondoa mti," Koplo aliita kupitia dirishani.

"Afande, hapiti mtu."

"Ni mimi!"

"Tunaona ni wewe, afande. Ulisema hata wewe."

Koplo akawatazama. Akashuka. Akaanza kueleza kwamba amri ile ilikuwa ya wakati mwingine, kwamba hali imebadilika, kwamba kuna mtu anatoka damu. Wale watatu wakamsikiliza kwa heshima, mmoja akasema ndivyo hasa yeye mwenyewe alivyowaonya, kwamba atakuja na maneno matamu na wasimsikilize. Rodah ndiye aliyeruka kutoka nyuma ya pikapu, akashika gogo upande mmoja na kuanza kuvuta peke yake. Mwanamke wa miaka arubaini na kitu, gauni limelowa, akivuta mti mzima bila kusema neno. Wale walinzi wakaona haya wakamsaidia. Amri haikuwa imetaja habari ya wanawake kuvuta.

Kutoka pale Koplo aliendesha. Barabara ilikuwa utelezi mtupu, lakini hakukwama hata mara moja. Hospitalini walipouliza ni nani aliyeleta wagonjwa, alijibu, "Mimi ni dereva."

Zacheus aliponywa, ingawa mguu ule haukurudi kunyooka sawasawa na kazi ya kupanda jukwaa la ujenzi ikamshinda. Kipkemoi alirudi kwenye cherehani. Na vita? Kwetu vilikwisha siku ileile, bila mtu kutangaza. Barabara ilipofunguka lori la majani lilikuja, na chai ilikuwa imekua mpaka kiunoni. Wanaume wakashuka Tulwap Soet mmojammoja, wakisema wanakwenda kutazama shamba kidogo. Jioni hakuna aliyepanda. Kwingine vita viliendelea kwa miezi, na watu wa zile nyumba nne zilizochomwa hawakurudi wote, kwetu wala kwao. Mmoja wa wazee wetu alikufa akiwa mgeni Kericho kwa mtoto wake, akiuliza kila siku kama nyumba yake imeezekwa.

Serikali iliita baraza la amani. Mkubwa mmoja alishukuru viongozi wa pande zote kwa busara yao, akamtaja Koplo kwa jina kuwa mtu aliyejizuia kushambulia. Watu wakapiga makofi. Rodah, aliyekaa na Wilkista upande wa wanawake, hakupiga. Koplo alisimama, akasema asante, akakaa. Ilikuwa hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa.

Wiki iliyofuata alichagua mtamba wake bora, mweusi mwenye paji jeupe, akamshusha mwenyewe mpaka kijitoni akavuka naye. Zacheus alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda. Hakumshukuru.

"Mfunge pale," alisema.

Koplo akamfunga. Akangoja kuambiwa akae, na baada ya muda mrefu Wilkista akaleta kiti.

Miaka ikapita, na Koplo akaanza tena kusimulia, ingawa mambo ya maporomoko aliyaruka. Mwaka wa tisini na tisa redio ilileta habari za vita vya milimani huko Asia, Wahindi na Wapakistani wakipigania vilele vyenye barafu, upande mmoja ukiwa juu na barabara ya saplai ikipita chini yake. Kituo cha majani kizima kilimgeukia Koplo. Hapo alikuwa na mvi.

"Koplo, nani atashinda hapo?"

Akasikiliza taarifa mpaka mwisho, sikio karibu na redio.

"Sijui," alisema. "Hawajasema nani anawapikia."

Tukangoja aendelee, lakini alikuwa amemaliza. Mtu mmoja akauliza kama Wapakistani, ambao tunasikia ndio wanywaji wakubwa wa chai yetu, wataendelea kununua wakiwa vitani, na hapo ubishi ukawaka kweli, maana hilo lilitugusa. Kipkemoi alisema mwanajeshi anakunywa chai zaidi. Rodah alisema inategemea kama inamfikia. Lori likaonekana kwenye kona, likinguruma na tope, na kila mtu akainua kikapu chake akaenda kupanga foleni.